Samaki wa Kilwa: Masoko, Kivinje, Kisiwani au Songo Songo?

Mgeni akishuka Kilwa, pwani ya kusini mwa Tanzania, na hamu ya samaki, swali lake la kwanza huwa ni boti ya kwenda kisiwani. Hesabu yake inaonekana sawa: kisiwa kimezungukwa na bahari, basi samaki wabichi watakuwa huko. Kumbe samaki aliyevuliwa Kilwa Kisiwani alfajiri, asubuhi hiyohiyo anavushwa kuja Kilwa Masoko, mji ulio ng'ambo yake bara, kwa sababu wenye fedha na wenye barafu wako Masoko. Unaweza kupishana naye majini, wewe unaenda na yeye anakuja.

Hapa nalinganisha sehemu nne za Wilaya ya Kilwa kwa mtu anayetaka kununua au kula samaki wa siku hiyohiyo, na mbele kidogo nitagusa Lindi mjini na Mtwara kwa wanaoendelea kusini. Bei sitazitaja kwa shilingi, maana samaki wa saa moja asubuhi na samaki huyohuyo saa tisa alasiri hawana bei moja. Nitasema tu wapi ni nafuu na wapi utalipia mandhari.

Kabla ya mahali, mwezi

Watu wengi wanaokwenda Kilwa wakarudi wanalalamika kwamba "hakuna kitu" walikosea siku, mahali palikuwa sahihi kabisa. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu ndipo bamvua linapofika: maji yanajaa sana, kisha yanakupwa sana, na pwani yetu hii kupwa kwenyewe kunaangukia mida ya saa nne hadi saa tano asubuhi. Hapo miamba inabaki wazi, na watu wanashuka na vyuma vyao kuchokoa pweza. Kwa hiyo siku ya bamvua ukienda sokoni saa moja asubuhi ukaulizia pweza, utaonyeshwa wa jana. Rudi saa sita au saa saba mchana utamkuta bado anabadilika rangi ukimpitishia kidole. Siku za maji mafu, pale bahari isipojaa sana wala kukupwa sana, pweza anaadimika. Anayepatikana ni wa wazamiaji, na bei yake inajua hivyo.

Dagaa nao wana kalenda yao, karibu kinyume. Wanavuliwa usiku wa giza kwa taa. Mwezi ukiwaka angani, taa ya mvuvi haina kazi, dagaa hawakusanyiki, na boti nyingi zinalala huku mabaharia wakishona nyavu. Ukipanga safari yako karibu na mwezi mwandamo unapata vyote viwili, dagaa alfajiri na pweza mchana. Ukija mwezi mpevu, pweza yupo, dagaa sahau.

Halafu kuna Ijumaa. Wavuvi wengi wa pwani hii hawaendi baharini siku hiyo, au wanasubiri mpaka baada ya swala. Sasa fikiria mtu wa Dar es Salaam anayetoka kazini mapema Ijumaa, anafika Kilwa usiku, anaagiza samaki. Anayeletewa mezani, akiwa na bahati, ni wa Alhamisi. Usiku huo kula kuku au maharage, uamke Jumamosi alfajiri ukanunue. Ukija Ramadhani, sokoni samaki utawapata lakini mchana mama lishe wengi hawapiki, na chakula kinaanza kuonekana jua likikaribia kuzama.

Na upepo. Kusi ikishika, hasa Juni mpaka Agosti, vyombo vidogo havithubutu kutoka nje ya miamba. Nguru na jodari wanapungua sokoni, wanabaki samaki wa ndani: tasi, changu, kaa, kamba. Ukitaka samaki wakubwa wa maji makuu, subiri bahari itulie, kuanzia Oktoba hivi na kuendelea wakati wa kaskazi. Masika nako ni mtihani wa barabara kabla hata ya mtihani wa bahari. Mei 2024, mvua zilizoambatana na kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi eneo la Somanga, watu wakakaa njiani. Msimu huo uliza hali ya barabara kwanza, samaki baadaye.

Masoko: hapa ndipo pa kununua

Kwa mtu mwenye asubuhi moja tu, jibu ni Masoko. Hapa ndipo vyombo vya visiwani na vya mjini vinapokutana, hapa ndipo mnada unapopigwa, na hapa ndipo serikali ilipoamua kujenga bandari ya uvuvi, ile ambayo Rais Samia Suluhu Hassan aliiwekea jiwe la msingi Septemba 2023. Barafu ipo, usafiri upo, na waparaji wa samaki wapo, wanaokusubiri na visu vyao.

Uzuri huo ndio ubaya wake. Barafu ikiwepo, samaki wa jana naye yupo. Pale pale mezani utakuta changu aliyetoka kwenye dema, yaani mtego wa samaki, saa mbili zilizopita amelala ubavuni mwa changu aliyelala ndani ya deli, lile sanduku la barafu, siku mbili, na wote wamemwagiwa maji ya bahari wakang'aa. Mchuuzi hakudanganyi sana, ila hatakuambia usipouliza. Muulize, na muulize kwa adabu, maana soko hili lina wenyewe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Chukua tasi hao."

"Wa leo mama?"

"Wa leo. Mfungue shavu mwenyewe."

Ukimfungua, ndani ya shavu pawe pekundu la damu mbichi, na uteute wake uwe mwembamba, unaoteleza. Pakiwa pa kahawia, au pana ute mzito kama gundi, huyo amelala. Jicho liwe limetuna na jeusi lake liwe jeusi kweli. Likizama au likiwa na ukungu, siku zimepita, ingawa samaki aliyegusana na barafu moja kwa moja anaweza kuwa na jicho la ukungu na bado ni mzuri, kwa hiyo shavu ndilo la kuaminiwa. Bonyeza mgongo kwa kidole gumba. Shimo likirudi haraka, nunua. Likibaki, mpe shukrani uende meza ya pili. Harufu iwe ya bahari. Samaki anayenuka samaki tayari ameshaanza safari yake nyingine.

Kuna kitu kingine cha kuangalia ambacho wageni hawakijui, nacho ni alama za baruti. Pwani ya Lindi na Mtwara iliumia sana na uvuvi huo, na ingawa doria zimeupunguza mno, mtu anayenunua hapa bado ana sababu ya kukagua. Samaki wa baruti kwa nje anaweza kuonekana mzima. Ukimpasua, tumbo limejaa damu, utumbo umepasuka, mfupa wa mgongo umevunjika au umeachana na nyama, na nyama yenyewe imelegea ungali ukijua amevuliwa leo. Ndiyo maana napenda samaki apasuliwe mbele yangu kabla sijalipa. Wachuuzi waliozoea hawaoni tabu.

Mnadani penyewe mgeni asijitie. Samaki wakubwa wanapigwa mnada kwa mafungu au kwa kasha, na wanaoshindania ni wachuuzi wanaojuana, wengine wakiwa na tajiri wao aliyewapa fedha usiku. Ukijipenyeza utapandisha bei tu na kutazamwa kwa jicho baya. Subiri mnada uishe, mchuuzi akishanunua kasha zima atakuuzia wawili watatu kwa kuongeza kidogo, na wewe utakuwa umemchagua unayemtaka. Samaki wadogo utawakuta kwa fungu au kwa mtungo, yaani wameunganishwa kwa ukili, utepe wa ukindu, kupitia mdomoni, na mtungo mara nyingi ni dalili njema: umetoka kwa mvuvi mwenye mtumbwi aliyepata kidogo, hakupitia kwenye deli la mtu.

Kama unataka kambakoche au kaa, nunua waliohai au usinunue kabisa. Kaa akiwa mzito kuliko anavyoonekana, amejaa. Akiwa mwepesi, amejivua gamba karibuni, ndani ni maji. Kamba wadogo angalia kichwa: kikishikana na mwili vizuri ni wa leo, kikianza kuwa cheusi na kulegea, waachie wenye pilipili nyingi.

Kisiwani: hapa ni pa kula

Kilwa Kisiwani iko ng'ambo tu ya Masoko, unaiona ukiwa gatini. Wengi huvuka kwa ajili ya magofu, na wana haki: Msikiti Mkuu, jumba la Husuni Kubwa, na ile ngome iitwayo Gereza inayoonekana tangu ukiwa majini. Pamoja na yale ya kisiwa jirani cha Songo Mnara, magofu hayo yaliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, yakawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, yakatolewa humo mwaka 2014 baada ya kukarabatiwa. Lazima uchukue kibali Masoko kabla ya kuvuka. Ongeza boti na mwongozaji, utaona kwamba hata kama samaki wa Kisiwani ni nafuu, safari yake sio nafuu. Hakuna mtu mwenye akili timamu anayevuka kwa ajili ya kilo mbili za changu.

Kinachovutia Kisiwani ni kupikiwa nyumbani. Usitegemee mgahawa wa kukaa, kufungua menyu na kuita mhudumu. Unachofanya ni kumwambia mwongozaji au nahodha wa boti jana yake, au alfajiri ile kabla hamjaondoka, kwamba mtakula mchana. Yeye anapeleka habari, na wewe unapomaliza kuzunguka magofu unakuta wali wa nazi umeshapakuliwa, mchuzi wa pweza au samaki wa kupaka, na mkeka umetandikwa barazani. Pweza huyo ametolewa kwenye mwamba unaouona kutoka pale ulipokaa. Huo ndio ubichi ambao Masoko hawawezi kukuuzia kwa bei yoyote.

Lakini elewa masharti. Wenyeji watapika kilichopatikana. Ukiagiza kambakoche siku ya maji mafu wakati kusi inavuma, mwongozaji atakuitikia "inshallah" kwa upole, na ukivuka utaletewa tasi. Watakuwa tasi wazuri mno, kwa hiyo usinune. Na usimuagizie mtu chakula cha watu sita mkaja wawili, kwani mama wa watu ametoa fedha yake mfukoni kununua nazi na mchele.

Wakati mwingine mtu anaamua kununua Masoko kisha kuvuka na samaki wake apikiwe kisiwani. Inawezekana, na kwa kundi kubwa ni busara. Ila ukiwa wachache unakuwa umemnyima mwenyeji faida ndogo ya kuuza samaki wake na unalipa vilevile. Mimi ningewaachia wao kila kitu.

Kwa kifupi cha sehemu hizi mbili: unayepika mwenyewe, unayesafiri na familia, unayetaka kuchagua, baki Masoko. Unayetaka kula mara moja ukaikumbuka na ulikuwa unakwenda magofuni vyovyote vile, kula Kisiwani. Unayetaka kununua kwa wingi kurudi nao nyumbani, Kisiwani usiiweke hata kwenye hesabu.

Kivinje: dagaa, tope na bei nafuu

Kivinje iko kaskazini ya Masoko, mwendo wa bodaboda au daladala kupitia barabara ya Nangurukuru. Ni mji mkongwe uliotajirika karne ya 19 kwa misafara iliyotoka bara, sasa nyumba zake za mawe zimechoka na mnara wa kumbukumbu ya mashujaa wa Majimaji umesimama palepale. Wanaotafuta mji uliopambwa watavunjika moyo. Wanaotafuta dagaa wamefika.

Tatizo la Kivinje ni ufukwe wake. Pwani ni bapa, ina mikoko na tope, na maji yakikupwa yanakimbilia mbali kabisa. Siku ya bamvua, saa nne asubuhi, vyombo vimelala ubavu kwenye matope na wapagazi wanatembea na ndoo na matenga kichwani, miguu inazama mpaka kwenye magoti, kutoka chombo kilipokwama hadi nchi kavu. Chombo kinachotaka kufika mpaka ufukweni kinaingia na maji ya alfajiri au kinangoja yajae tena alasiri. Kwa hiyo hapa saa yako ya kununua inafuata maji kuliko hata Masoko. Uliza jioni yake, "Kesho maji yanajaa saa ngapi?" na kila mtoto wa Kivinje atakujibu.

Dagaa wabichi wanauzwa kwa ndoo, na wale wanawake wanaonunua kwa wingi wanawachemsha kwa maji ya chumvi kisha kuwaanika. Ukifika mapema unaweza kununua kidogo tu kabla hawajaingia chunguni. Wakaange siku hiyohiyo, maana dagaa hana subira: asubuhi anang'aa kama fedha, jioni tumbo limepasuka. Waliokauka ndio wa kubeba. Chagua wenye rangi ya fedha na wanaovunjika wakilia kidogo ukiwakunja. Wa njano wamepigwa na mvua au wamekaa sana, na mchanga ukiwa mwingi ujue walianikwa chini badala ya kwenye chanja.

Mbali na dagaa, Kivinje ni nafuu kuliko Masoko kwa samaki wadogo wa kawaida, kwa sababu ya umbali kutoka kwa madeli ya wanunuzi wa Dar. Vibua wa Kivinje wa asubuhi, wakikaangwa na mama lishe na kuliwa na muhogo wa kuchemsha na pilipili ya ndimu, kwangu vinawashinda nusu ya samaki wa hotelini. Lakini tahadhari moja kwa vibua, na kwa jodari na nguru pia: samaki wa jamii hii wakiachwa juani saa chache wanatengeneza sumu inayowasha mwili na kupandisha uso wekundu, na kupika hakuiondoi. Ukiona ndoo ya vibua imekaa juani tangu asubuhi bila barafu wala kivuli, hata kama ni wa leo, waache.

Songo Songo: kwa mwenye muda

Songo Songo ni kisiwa kilichoingia kwenye magazeti kwa ajili ya gesi, ambayo ilianza kusafirishwa kwa bomba kwenda Dar es Salaam mwaka 2004. Kwa wanaojua bahari, ni kisiwa cha pweza. Wenyeji wamezoea utaratibu wa kufunga baadhi ya miamba kwa miezi kadhaa, pweza wakue, kisha kufungua siku moja kwa pamoja. Pweza hukua haraka mno, kwa hiyo miezi michache tu ya kumwacha inaonekana kwenye mizani. Siku ya kufungua ni shamrashamra, wanunuzi wanafika na mizani yao, na pweza wanaotoka ni wakubwa.

Kwenda huko kwa ajili ya mlo mmoja haifai. Boti inategemea upepo na abiria, na ukivuka unaweza usirudi siku uliyopanga. Lakini kama una siku za ziada na una mwenyeji wa kukupokea, hakuna sehemu nyingine ya wilaya hii utakayoona pweza wa namna hiyo. Angalia tu usinunue wadogo. Sheria ya uvuvi inakataza pweza wa chini ya nusu kilo, na huyo mdogo hata kwenye sufuria anasinyaa akabaki wa kumwonea huruma.

Jambo jingine kuhusu pweza, kwa sababu watu wanalipinga: pweza aliyekaa kwenye friza hana ubaya. Kuganda kunamlainisha, kazi ileile inayofanywa na wale wanaompigapiga kwenye jiwe. Samaki wa friza nitamkataa, pweza wa friza nitamla, mradi aligandishwa akiwa mbichi. Asiyefaa ni yule aliyegeuka rangi ya waridi na ngozi inachubuka ukimshika.

Nani akupikie

Kuna njia tatu mjini Masoko, na tofauti zake ni kubwa kuliko watu wanavyodhani.

Hoteli za ufukweni, kama zile za upande wa Jimbizi, zinakupa meza yenye upepo, sahani safi na kambakoche. Unalipia. Samaki wao wananunua kwenye soko lilelile ulilopita asubuhi, na hoteli isiyo na wageni wengi inalazimika kutegemea friza. Dawa yake ni kuagiza asubuhi chakula cha usiku. Ukiagiza saa moja usiku unapewa kilichopo, na ukiagiza asubuhi mpishi anapita sokoni kwa ajili yako. Uliza pia watampika vipi. Jikoni zilizozoea watalii zina mkono wa kumkausha samaki mpaka awe kama ubao, labda kwa hofu kwamba mgeni atalalamika hakuiva.

Mama lishe wa sokoni wanapika wanachojua, na wanakijua. Wali wa nazi, ugali, mchuzi wa changu, samaki wa kukaanga. Hapa kosa ni la saa: samaki wao wanakaangwa asubuhi, saa sita wanakuwa katika ubora wao, saa kumi wanarudishwa kwenye mafuta. Kula mapema. Jioni hamia kwa wachoma pweza na wauza supu ya pweza barabarani; supu hiyo vijana wana maneno yao kuihusu ambayo sitayarudia hapa, ila kwa kutuliza baridi ya kusi haina mpinzani.

Njia ya tatu ndiyo ninayoipendekeza kwa yeyote anayekaa zaidi ya siku moja: nunua mwenyewe, mpe mparaji ampae na kumtumbua, kisha umpelekee mama lishe au jiko la gesti unapolala wakupikie kwa malipo ya kupika. Kubaliana mapema kama mafuta, nazi na viungo ni vyako au vyao, kwa sababu ugomvi wote unatoka hapo. Samaki wa kilo moja wa kupaka anatosha watu wawili wenye njaa ya safari.

Mahali popote kati ya hapo ukitajiwa nyama ya kasa, kataa. Kasa analindwa na sheria, na nyama yake imeshaua watu pwani hii ya Afrika Mashariki. Bunju naye, samaki mwenye sumu, asipakuliwe kwenye sahani yako hata kama aliyemvua anaapa anajua kumtengeneza.

Ukiendelea kusini

Lindi mjini ina soko dogo la samaki karibu na kivuko cha Kitunda. Ni pazuri kwa anayepita na gari, anasimama, ananunua, anaondoka. Kusafiri hadi Lindi kwa ajili ya samaki tu, huku umeshapita Kilwa, sioni sababu.

Mtwara ni habari nyingine. Soko la Feri, jirani na kivuko cha kwenda Msangamkuu, ni kubwa, linachangamka, na wakaangaji wako hapohapo: unanunua, unapaliwa, unakaangiwa, unakula kwa ming'oko, vile viazi vya porini, kama msimu umekubali. Kwa ukubwa wa uchaguzi Feri inashindana na Masoko, na kwa urahisi wa kula palepale inaishinda. Mikindani, nje kidogo ya mji, ina ghuba iliyotulia na samaki wadogo wa madema, inafaa zaidi kwa mapumziko kuliko manunuzi. Msimbati iko ndani ya hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Kuna kiingilio, kuna mchanga mzuri, na samaki wa kula utawapata kwa kuuliza kijijini, kwa utaratibu uleule wa Kisiwani.

Kuwabeba hadi Dar

Basi la asubuhi kutoka Masoko linakufikisha Dar es Salaam siku hiyohiyo, na samaki aliyefungwa vizuri anafika mzima. Mtumbue na kumwondoa mashavu kabla ya safari, maana utumbo ndio unaoanza kuharibika, lakini magamba yaache, yanamlinda. Barafu iwe chini, samaki katikati, na tumboni mwake pia ujaze barafu, kisha juu tena barafu. Deli liwe na tundu la kutolea maji au liinamishwe upande mmoja, kwa sababu samaki anayelala kwenye maji ya barafu iliyoyeyuka anapoteza ladha na kulegea. Pweza mfunge kwenye mfuko wake peke yake, asiwapake wenzake rangi. Konda atataka hela ya mzigo na atataka deli likae buti la chini. Mlipe, ila hakikisha haliwekwi upande wa injini.